Kope Zinazovimba na Kuwasha kwa Muda Mrefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Ugonjwa huu ni nini hasa?

Ni hali ya kingo za kope kuvimba, kuwasha na kujaa magamba kwa miezi au miaka, ikitulia kwa muda na kurudi tena. Kitaalamu huitwa blefaritisi. Inaweza kukaa upande wa mbele wa ukingo, pale nywele za kope zinapoota, au upande wa nyuma unaogusana na jicho lenyewe, ambako kuna matundu madogo ya tezi za mafuta. Wagonjwa wengi wana shida ya pande zote mbili.

Tezi hizo, zilizopewa jina la Heinrich Meibom, daktari wa Ujerumani aliyezieleza mwaka 1666, ni kati ya 25 na 40 katika ukope wa juu, na kati ya 20 na 30 katika ukope wa chini. Kazi yake ni kutoa mafuta mepesi yanayotandaa juu ya machozi kila unapopepesa, ili machozi yasikauke upesi. Kwa mgonjwa, mafuta hayo huwa mazito na kuziba ndani ya tezi kama mafuta ya nazi yanavyoganda chupani asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Machozi hukauka, jicho huwasha, mtu hulifikicha, ukingo huvimba zaidi, na tezi huzidi kuziba. Kwa sababu hiyo tiba huelekezwa kwenye ukingo wa ukope kabla ya jicho lenyewe, jambo ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza baada ya kumaliza vichupa kadhaa vya dawa ya matone.

Nitautambuaje, na mbona jicho langu si jekundu sana?

Dalili za kawaida ni kuamka na tongotongo zilizogandisha nywele za kope, kuhisi kama mchanga umeingia jichoni, kuungua, kuwashwa kingoni, na kuona ukungu unaoondoka ukipepesa mara mbili tatu. Wengi hulalamika kwamba macho yanatiririka machozi wanapopanda bodaboda au upepo wa kusi unapovuma, kisha wanashangaa kuambiwa kuwa macho yao ni makavu. Hakuna mgongano hapo: jicho lililokosa mafuta ya kulinda machozi hukereka, na jicho lililokereka humwaga machozi mengi ya majimaji ambayo hayakai.

Kuhusu wekundu, maelezo mengi ya ugonjwa huu yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi, ukingo uliovimba huonekana mweusi zaidi au wa zambarau, au huonekana mnene tu. Kwa hiyo usiusubiri wekundu. Simama karibu na dirisha ukiwa na kioo, uvute ukope wa chini kidogo, kisha utazame mambo matatu: magamba yanayofanana na mba kwenye mashina ya nywele, vitone vya njano vilivyoziba matundu ya tezi, na povu jeupe linalojikusanya kwenye pembe ya jicho.

Unasababishwa na nini?

Hakuna sababu moja. Bakteria waishio kwenye ngozi ya kila mtu huweza kuongezeka kingoni na kuikera ngozi kwa sumu wanazotoa. Mtu mwenye mba wa kichwani, wa nyusi na wa pembeni mwa pua mara nyingi huwa na mba huohuo kwenye kope, na kutibu kichwa humsaidia kutuliza macho. Umri nao huchangia, kwa kuwa tezi hupungua nguvu kadiri miaka inavyosonga.

Kuna pia utitiri wa kope, uitwao demodeksi, mdudu asiyeonekana kwa macho, mwenye urefu wa takriban sehemu tatu hadi nne za kumi za milimita. Watu wazima wengi wanaye bila kudhurika. Anapozidi, huacha magamba yaliyolizunguka shina la unywele kama kola, na muwasho wake husumbua zaidi alfajiri. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya matone ya lotilaneri kwa ajili ya utitiri huu, lakini usitarajie kuikuta katika maduka ya dawa ya hapa. Mafuta ya mti wa chai yanayosifiwa mitandaoni huunguza jicho yasipochanganywa ipasavyo, na ushahidi wa faida yake bado ni dhaifu. Mimi simshauri mtu ayajaribu nyumbani.

Je, unaambukiza?

Hapana. Hakuna haja ya kutenganisha vyombo wala kumzuia mtoto asilale na mama yake. Watu wanauchanganya na macho mekundu ya mlipuko, kama ule uliosambaa nchini mwanzoni mwa mwaka 2024, ambao husababishwa na virusi, huanza ghafla, hupita nyumba kwa nyumba na kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Ugonjwa wa kope huanza taratibu, hushika macho yote mawili, na hauna tarehe ya kuisha. Taulo la uso, hata hivyo, liwe la kila mtu peke yake, kwa ajili ya magonjwa mengine ya macho.

Unapona kabisa?

Kwa wengi, hapana; unadhibitiwa. Mgonjwa anayezisafisha kope zake kila siku anaweza kukaa miezi mingi bila usumbufu, na akiacha, dalili hurudi ndani ya wiki chache. Yeyote anayekuuzia dawa ya kukuponya moja kwa moja kwa siku saba hajauelewa ugonjwa huu, au ameuelewa na anataka fedha yako. Habari njema ni kwamba ni nadra sana kwa ugonjwa wenyewe kupofusha, na kwamba sehemu kubwa ya matibabu ni maji ya uvuguvugu, kitambaa safi na subira.

Nizisafisheje kope zangu?

Kazi hii ina hatua tatu, na mpangilio wake una maana: joto, kukanda, kisha kusafisha. Mwanzoni fanya mara mbili kwa siku. Baada ya wiki mbili hadi nne, dalili zikitulia, mara moja kwa siku inatosha.

Chemsha maji, uyahifadhi kwenye chupa ya chai, na nawa mikono kwa sabuni. Mimina maji kwenye bakuli, uyapooze hadi yawe na joto ambalo ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono inalivumilia bila kushtuka, yaani kama nyuzi 40 za sentigredi. Chovya kitambaa laini cha pamba, kwa mfano kipande cha khanga iliyochakaa na kufuliwa vizuri, kikamue, fumba macho na ukiweke juu ya kope. Hapa ndipo wengi wanapokosea: kitambaa hupoa ndani ya dakika moja au mbili, na wao hukiacha palepale wakidhani wanajitibu. Mafuta yaliyoganda yanahitaji joto la mfululizo kwa dakika tano hadi kumi ili yalainike, kwa hiyo kichovye tena na tena, ukiongeza maji ya moto kidogo bakulini. Baadhi ya wagonjwa hujaza mchele mkavu kwenye soksi safi na kuupasha joto, kwa kuwa hukaa na joto zaidi. Ni njia nzuri, mradi uijaribu kwanza mkononi, kwani ngozi ya ukope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yoyote ya mwili na huungua upesi.

Mara tu baada ya joto, kanda. Macho yakiwa yamefumbwa, pitisha ncha ya kidole kwenye ukope wa juu kuelekea chini, na kwenye ukope wa chini kuelekea juu, daima kuzielekea nywele, kwa nguvu ndogo ambayo haikuletei maumivu. Usilibonyeze jicho lenyewe. Baada ya hapo uono unaweza kuwa na ukungu kwa dakika chache, kwa kuwa mafuta yamemwagika juu ya machozi, na hiyo ni dalili kwamba kazi imefanyika.

Mwisho, safisha. Changanya sehemu moja ya shampuu ya watoto na sehemu kumi za maji yaliyochemshwa na kupoa, chovya pamba au ncha ya kitambaa safi, na upanguse mashina ya nywele kutoka pembe moja hadi nyingine, ukitumia kipande kingine kwa jicho la pili. Kusudio ni kuondoa magamba ukingoni, si kuosha mboni. Shampuu ikikukera, tumia maji matupu. Sabuni ya kufulia na sabuni ya kipande yenye manukato visikaribie kope.

Maji ni shida kwetu. Nifanyeje?

Kwa anayeishi juu ya uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, ambako ndoo ya maji hununuliwa, maelezo hayo yanaweza kusikika kama anasa. Ukweli ni kwamba kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa kinatosha kwa macho yote mawili. Cha lazima ni usafi wa maji hayo. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye tangi yanafaa yakichemshwa, na kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani kila siku.

Natawadha mara tano kwa siku. Hiyo haitoshi?

Kutawadha huosha uso, na uso safi ni kinga dhidi ya vikope, yaani trakoma, na magonjwa mengine. Lakini maji ya udhu hupita juu ya ngozi kwa sekunde chache na kwa kawaida ni ya baridi, wakati mafuta yaliyoganda katika tezi huhitaji joto la dakika kadhaa. Njia rahisi ni kuufunga usafi wa kope na wakati wa swala moja au mbili, tuseme Alfajiri na Isha, ili usisahaulike.

Nikanunue dawa gani dukani?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari zaidi. Machozi ya bandia, yenye viambato kama haipromelosi, ni salama na huondoa ukavu, ingawa hayagusi chanzo. Antibiotiki ya kupaka, kama tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1 au kloramfenikoli, husaidia pale ambapo kope zina maambukizi ya bakteria. Hupakwa kiasi kidogo kwenye ukingo wa ukope uliokwisha kusafishwa, hasa usiku, kwa muda uliopangwa na mtabibu. Kuipaka juu ya magamba ni kuipoteza. Wenye shida kubwa ya tezi huweza kuandikiwa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki kadhaa, ambavyo havifai kwa mjamzito wala kwa mtoto mdogo. Kwao daktari huweza kuchagua azithromaisini.

Hatari iko kwenye dawa za matone zenye steroidi: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni. Mara nyingi huwa zimechanganywa na antibiotiki katika kichupa kimoja, kama vile deksamethasoni na gentamisini, na mgonjwa huziuliza kwa jina kwa sababu jirani yake alizitumia akapata nafuu. Nafuu hiyo ni ya kweli. Steroidi hutuliza uvimbe kwa siku mbili, mtu anafurahi, anaacha, ugonjwa unarudi, ananunua tena, na mwaka unapita. Kwa takriban theluthi moja ya watu, matumizi ya wiki kadhaa hupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na presha hiyo huua mshipa wa fahamu wa jicho. Uoni uliopotea kwa njia hii haurudi. Matumizi ya muda mrefu huleta pia mtoto wa jicho, na iwapo kuna kidonda cha virusi kwenye kioo cha jicho, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, steroidi hukichochea. Daktari bingwa anaweza kuziandika kwa muda mfupi akikupima presha. Duka la dawa muhimu haliwezi kukupima, kwa hiyo soma kichupa, na ukiona neno linaloanza na herufi "dexa", "beta" au "pred", uliza nani amekuandikia.

Kichupa chochote cha matone kilichokwisha kufunguliwa kwa wiki nne kitupwe, hata kama kina dawa.

Nafanya kazi kwenye korosho. Je, ndiyo iliyonipa ugonjwa huu?

Kwa kawaida siyo iliyouanzisha, lakini inaweza kuuamsha kila msimu. Katikati ya mwaka, mikorosho inapochipua na kutoa maua, mashamba hupulizwa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na upepo huileta usoni mwa mpulizaji na pia kwa watoto waliosimama pembeni kutazama. Unga huo ukikutana na unyevunyevu wa jicho huwasha vikali, na ukibaki kwenye mashina ya nywele za kope huendelea kuwasha hadi usiku. Vaa miwani iliyofunika pembeni, simama upande upepo unakotoka, na ukimaliza oga na ubadilishe nguo kabla ya kuvigusa vitu vingine nyumbani. Siku hizo usafi wa kope ufanyike jioni bila kukosa.

Kubangua kuna hatari ya namna nyingine. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na wabanguaji wanaojipaka majivu au mafuta mikononi wanalijua hilo vizuri, ila jicho likiwasha mkono huenda wenyewe. Futa jicho kwa kiwiko au kwa bega la nguo safi ukiwa kazini, kamwe si kwa kidole. Moshi wa korosho zinazokaangwa na maganda yake nao ni mkali kuliko moshi wa kuni wa kawaida, kwa hiyo kaa upande ambao hauelekei. Mafuta hayo yakiruka jichoni, hilo si suala la kope tena: mimina maji mengi safi kwa angalau dakika 15 bila kusita, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wanja, kope za kubandika na dawa za kienyeji vinaruhusiwa?

Wanja unaopakwa ndani ya ukingo huziba matundu ya tezi, na baadhi ya wanja wa unga una madini ya risasi, jambo linalomdhuru hasa mtoto mchanga ambaye kwetu hupakwa kwa desturi. Ugonjwa ukiwa umechachamaa, acha kabisa. Ukitulia, paka nje ya nywele na uuondoe kabla ya kulala. Gundi ya kope za kubandika huwasha, na anayezivaa huogopa kuosha macho ili zisibanduke, kwa hiyo bibi harusi mwenye ugonjwa huu afikirie mara mbili.

Maziwa ya mama, asali ya nyumbani, mate, majani yaliyotwangwa na mkojo visitiwe jichoni. Vinaweza kuingiza vimelea kwenye kioo cha jicho, na kidonda cha hapo huacha kovu.

Chokea zinanitoka kila mara. Zinahusiana?

Ndiyo. Chokea ni jipu la tezi au la shina la unywele, lenye maumivu. Kinundu kigumu kisichouma kinachobaki baadaye ni tezi iliyoziba. Vyote hupenda kope zenye ugonjwa huu, wala havitokani na kuchungulia watu. Joto la kitambaa mara tatu au nne kwa siku hutosha kwa nyingi. Usilikamue wala kulitoboa kwa sindano.

Huenda ni vikope?

Inawezekana, na ni vyema kuthibitisha, kwa sababu Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa iliyogawiwa azithromaisini kijiji kwa kijiji dhidi ya vikope. Huo huambukizwa kwa mikono, nguo na nzi, huanza utotoni, na makovu yake hukunja ukope wa juu hadi nywele zielekee ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Mzee anayeng'oa nywele za kope kwa koleo kila wiki asiambiwe akande kwa maji ya moto. Anahitaji upasuaji mdogo wa kurekebisha ukope, na kuchelewa kunamgharimu uoni.

Samaki na vidonge vya mafuta ya samaki vinasaidia?

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa wa macho makavu gramu tatu za omega-3 kila siku kwa mwaka mzima, na hawakupata nafuu kuliko waliopewa mafuta ya zeituni. Kula dagaa na changu kwa sababu ni chakula kizuri. Fedha ya vidonge itunze.

Naweza kutumia matone nikiwa nimefunga?

Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, dawa ya jicho haibatilishi saumu. Madhehebu mengine yanahofia ladha inayofika kooni, hivyo mwenye shaka amuulize shehe wake, au atie dawa wakati wa daku na baada ya futari. Kitambaa cha joto hakina tatizo.

Ni lini niende hospitali bila kusubiri?

Nenda siku hiyohiyo ukipata maumivu makali ya jicho, kushindwa kutazama mwanga, uoni uliopungua usiorudi kwa kupepesa, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au uvimbe unaofunga jicho pamoja na homa. Nenda ndani ya wiki iwapo ni jicho moja tu linalougua kwa muda mrefu, nywele za kope zimenyonyoka sehemu moja, au kinundu kinarudi palepale baada ya kutolewa, kwa sababu saratani ya ukope hujificha katika sura hiyo. Kinyama kinachokua kwenye weupe wa jicho nacho kionwe mapema, hasa kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kope na nyusi zikinyonyoka pamoja na mabaka yasiyo na hisia kwenye ngozi, mtabibu aangalie ukoma.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili upewe rufaa. Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, Sokoine mjini Lindi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo ni miongoni mwa hospitali za rufaa katika ukanda huu. Uliza kwanza siku za kliniki ya macho kabla ya kupanda gari kutoka Liwale au Nanyumbu.

Nikifika, nieleze nini?

Eleza dalili zilianza lini, saa ngapi za siku huzidi, kazi unayofanya, na kama una mba au vidonge unavyomeza kila siku, kwa kuwa baadhi ya dawa za mzio na za chunusi hukausha macho. Beba vichupa vyote vya matone ulivyowahi kutumia, vikiwemo vitupu na vile alivyokuazima jirani. Daktari akijua kwamba umetumia steroidi kwa miezi sita, jambo la kwanza atakalofanya ni kukupima presha ya jicho.